Mountain bike kuukuu iliyohamisha familia nzima Buffalo

Wakuu, habari za huko mliko.

Hili nimelishuhudia mwenyewe, sikusimuliwa. Atakayesema natia chumvi simlaumu.

2015 nilikuwa nakaa mtaa wa Lower West Side, hapa Buffalo, Marekani. Jirani yangu alikuwa Mkongo wa Kivu, Baba Neema. Kila siku alienda shift kiwandani na mountain bike kuukuu. Rangi imebanduka, gia nusu hazifanyi kazi, siti imezungushiwa selotepu. Nilikuwa namtania kwamba hata mwizi ataionea huruma.

Jumamosi moja akawa anahama na mkewe, watoto na mama yake mzee. Mwenye nyumba mpya alishamwambia, giza likiingia hamjafika, nyumba nawapa wengine. Kule wanakotoka kulishapata wapangaji.

Mchana rafiki yake mwenye truck akapiga simu. Gari limekufa.

Kigari changu hata godoro haliingii. Mkewe akaanza kulia.

"Bon, kinga itabeba," Baba Neema akasema. Kinga ni baiskeli kwao.

Akafunga mpini wa ufagio kwenye usukani, mwingine nyuma ya siti, kwa vipande vya tyubu. Hapandi, anasukuma. Ndivyo wanavyopeleka makaa sokoni kwao.

Wakuu, niliona magodoro, masufuria, meza, hadi friji ndogo vikiondoka juu ya matairi mawili, safari moja baada ya nyingine. Theluji barabarani. Mimi nashikilia nyuma, jasho linanitoka. Chuma kinalia lakini hakipindi.

Mzigo wa mwisho ulikuwa mama mzee. Nikamfungulia mlango wa gari, akakataa.

"Gari yako inanizungusha kichwa, mwanangu. Muniweke ku kinga."

Tukamkalisha juu ya mito, tukamfunika blanketi. Magari yakatufuata taratibu, hakuna aliyepiga honi.

Mwanga ukiwa unaisha tukamkuta mwenye nyumba mlangoni. Akamtazama mama mzee juu ya baiskeli, akainama, akashika tairi. Kisha akampa Baba Neema funguo.

Tukamshusha mama. Mke wa Baba Neema akamshika mkono amwingize ndani, maana baridi ilikuwa kali. Mama akagoma.

"Muingize kinga kwanza. Njo yenye imechoka." Yaani, ndiyo iliyochoka.

Ikaingia. Sisi wote tukasubiri nje kwenye theluji, na mwenye nyumba ndiye aliyeishikia mlango.

Somo langu: kitu kinachokubeba kila siku kipe heshima mapema. Wewe yako ni ipi, na imekubebea nini? Ishushe hapa chini tuisalimie.