Asubuhi Zuhura Alipopita Ukutani

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, krr, krr, krr, ikitoka upande wa pili wa ukuta wa mbao uliotenganisha chumba chetu na cha jirani, katika ploti moja ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Satellite. Nilidhani ni panya. Mama yangu, mzaliwa wa Kitui asiyejua kuogopa panya, aliacha kuchambua maharagwe, akatega sikio, akasema, "Huyo panya ana mikono." Kisha harufu ikafuata, tamu, nzito, yenye mafuta, harufu ambayo ploti yetu ya githeri na sukuma wiki haikuwa na jina lake. Kumbe ilikuwa nazi. Mama mzazi wa Athumani, yule jirani yetu aliyekuwa karani katika duka la vitambaa mjini, alikuwa amewasili kutoka Malindi na mbuzi yake ya kukunia, naye alikuwa ameikalia gizani akiendelea na kazi, kwa sababu hakuhitaji taa. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Alikuja Nairobi kutibiwa, hospitali ikamwambia asubiri zamu yake, naye akasubiri.

Ploti nzima ilimwita Mama Athumani, kama ilivyomwita mama yangu Mama Mwende. Ndivyo tulivyoishi: mwanamke alibeba jina la mwanawe wa kwanza, na hakuna aliyeuliza alilokuwa nalo kabla ya kuzaa. Athumani aliondoka alfajiri na kurudi baada ya magharibi, hivyo alimwomba mama yangu nikitoka shule niwe nakaa na mgeni wake. Nilikuwa darasa la nne. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikamsalimu kama tulivyosalimiana sote.

"Sasa?"

"Sasa nini, mwanangu?"

"Sasa tu."

Alicheka mpaka nazi ikamponyoka. "Sema shikamoo, nami nitakuitikia. Hiyo sasa yako naijibu vipi? Jina lako nani?"

"Mwende."

"Lo! Ndiyo kwanza tumefika, ushatufukuza? Twende wapi?"

Nilimweleza, nusura nilie, kwamba kwa Kikamba Mwende ni mpendwa. Akaninyooshea mkono upande ambao sikuwapo, nikasogea mpaka nikawapo. "Basi nitakuita kwa nguvu," alisema, "majirani wadhani twagombana."

Mama alikuwa akisafisha ofisi katika ghorofa moja ndefu huko Westlands, na majarida yaliyokuwa yakitupwa aliyaleta nyumbani ili nijifunze kusoma. Yalikuwa ya Kiingereza, yenye kurasa za kuteleza na harufu kali ya wino, yamejaa habari za ajabu za kale na za sayansi. Hayo ndiyo niliyomsomea Mama Athumani jioni baada ya jioni, nikiyageuza kuwa Kiswahili kadiri ya uwezo wangu, naye akikirekebisha Kiswahili hicho huku akiosha mchele. Nilisema "kitu yangu" mara moja tu mbele yake. "Kitu changu," alinirudisha. "Hicho kitu kimekukosea nini hata ukinyime haki yake?" Nilimsomea kuhusu twiga aliyepelekwa China karne nyingi zilizopita kutoka Malindi, watu wa kule wakamdhania mnyama mtakatifu. "Twiga wa kwetu huyo!" alisema kwa fahari, kana kwamba alimfuga yeye. Nilimsomea pia kuhusu setilaiti iliyorushwa kutoka baharini karibu na kwao, siku ya sikukuu ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Sikujua kazi yake niiseme vipi, nikasema ilikwenda kuzipiga nyota eksirei.

"Eksirei? Nyota zimevunjika wapi?"

"Sijui. Haijaandikwa."

"Nilikuwa msichana. Tuliambiwa Wataliana warusha moto kule baharini. Kumbe ni matibabu." Tukakubaliana kwamba nyota zilipona, maana bado zinawaka.

Ugonjwa wake yeye uliitwa mtoto wa jicho, na jina hilo lilinisumbua kuliko ugonjwa wenyewe. Nilimwona mtoto huyo waziwazi: amejikunyata ndani ya jicho, magoti kidevuni, amekaa palepale mlangoni pa nuru. Madaktari wangemtoa. Lakini nilikuwa nimemsikia Athumani akimwambia mama kwamba jicho likipona tu, mama yake angerejea Malindi, kwa kuwa baridi ya Nairobi ilikuwa ikimtafuna magoti. Basi kila Jumapili kanisani nilifumba macho nikamwomba Mungu amponye Mama Athumani, ila asiharakishe. Sikuwa na bibi. Wa Kitui alifariki kabla sijazaliwa, na kwa upande wa baba hatukuwa na mtu wa kumuuliza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu mzima ambaye kila jioni alitaka kujua nimeona nini.

Mwezi wa Mei, baridi ilipoanza kushuka kutoka upande wa Ngong, mama alileta jarida lenye picha ya jua ukurasa mzima, na juu ya jua kijidoa cheusi. Nilisoma kwamba wiki chache zijazo sayari iitwayo Venasi ingepita mbele ya jua, na kwamba baada ya hapo isingepita tena kwa zaidi ya miaka mia moja.

"Venasi ndiyo ipi?"

"Ile inang'aa jioni kabla ya zingine zote. Imeandikwa huko siku moja ni ndefu kuliko mwaka."

Mikono yake ilitulia ndani ya maji ya mchele. "Mwende, hiyo ina jina. Hiyo ni Zuhura."

"Zuhura ni nani?"

"Zuhura ni mimi."

Ndivyo nilivyolipata jina lake, baada ya wiki nyingi za kula wali wake. Babake alilichagua kwa sababu alizaliwa magharibi, nyota hiyo ikiwa juu ya paa. Aliniomba nimsomee ukurasa ule tena, polepole, na safari hii niliweka Zuhura kila palipoandikwa Venasi. Nikafika kwenye hadithi ya Mfaransa mmoja wa zamani aliyesafiri hadi Bara Hindi kuishuhudia ikipita. Vita vikamzuia kutua pwani, na siku ilipofika alikuwa bado chomboni, akiyumba, hawezi kupima lolote. Zuhura hupita mara mbili kila baada ya karne na zaidi, na kati ya mara hizo kuna miaka minane. Yule bwana aliamua kungoja, akizunguka visiwa vya bahari yetu hii. Miaka minane ikatimia, akajenga mahali pa kutazamia, na asubuhi yenyewe ikaja na wingu. Zuhura alipokwisha kupita, jua likatoka. Aliporudi kwao alikuta amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu na jamaa zake wameshika mali yake.

"Mvumilivu hula mbivu," Bi Zuhura alisema, "lakini yake iliozea mtini, maskini." Kisha: "Miaka minane iliyopita nami nilikuwapo. Macho nilikuwa nayo, habari sikuwa nazo. Sasa nina habari." Aliniuliza tu ni siku gani, nami nikamwambia. Tangu hapo alimhimiza Athumani amfuatilie zamu yake hospitalini, na jioni nilimsikia kupitia mbao zile akisema, "Moja tu, baba. Wanifanyie jicho moja tu kabla ya siku hiyo."

Walimfanyia wiki moja kabla. Alirudi amevaa miwani nyeusi, ameonywa asikutane na mwanga mkali. Alisema anaona vitu, ila vitu vyenyewe vinaelea, na baina yake na dunia kulikuwa na vijidoa vinavyotembea. Jarida lilikataza kabisa kulitazama jua kwa macho, lakini lilieleza njia nyingine: funika kioo kwa karatasi yenye tundu dogo, kitege juani, kitupe mwanga kwenye ukuta wa mbali mahali penye giza. Ploti yetu haikuwa na bustani wala veranda, lakini ujia mrefu wenye giza ilikuwa nao. Mama alitoa kioo chake cha kujitazamia. Athumani alikipachika ndani ya sufuria ya unga kisitikisike, akaiweka sufuria kwenye stuli langoni. Bi Zuhura akaketi mwisho wa ujia, ukutani kabisa, amejifunika leso mbili, mimi ubavuni mwake.

Tuliamka kukiwa na wingu. Wanaoijua Juni ya Nairobi watanielewa: halikuwa wingu la mvua, lilikuwa blanketi la kijivu lililotandazwa kutoka Dagoretti hadi mjini, lisilo na nia ya kwenda popote. Kwa mujibu wa jarida, ikifika saa mbili kasoro mambo yangekuwa yamekwisha. Saa moja ikapita. Ukuta ulibaki ukuta. Mama, ambaye alipaswa kuwa Westlands akipiga deki, alisimama langoni na mkoba begani.

"Mama Mwende, nenda kazini," Bi Zuhura alimwambia.

"Wacha nichelewe," mama alisema, akiangalia juu kama mtu anayemdai Mungu jibu. "Woi, hili wingu nalo."

Nilimshika Bi Zuhura mkono. Ulikuwa baridi. Nilimfikiria yule Mfaransa na kibanda chake, na kwa mara ya kwanza niliomba bila kuweka sharti lolote. Apone, aone, aondoke. Nilitaka aone tu.

Mwanga haukuja taratibu. Ulitua ukutani ghafla, duara jeupe la ukubwa wa chapati ndogo, likitetemeka kidogo. Athumani alipiga kelele. Na pale karibu na ukingo, hafifu kama punje ya ufuta, kulikuwa na kijidoa.

Bi Zuhura alivua miwani, akainama mbele. Kisha akaninong'oneza, asisikie mwanawe: "Mwende, hicho kidogo cheusi. Kiko ukutani, au kiko jichoni mwangu?"

"Kiko ukutani."

"Usinifurahishe."

Nilinyoosha kidole, kivuli cha kidole changu kikaingia ndani ya duara na kusimama kando ya kile kijidoa. "Hapa. Kiko hapa."

"Hapo ndipo nakiona," alisema. "Ya Rabi. Mdogo kiasi hicho, na jua lote limempisha." Alikuwa akicheka, na jicho lake lililotibiwa lilikuwa likitoa machozi ambayo hospitali ilimkataza. Wingu likarudi, ukuta ukawa ukuta. Mama alikimbia kazini bila kioo, bila kuaga mtu.

Siku hizi naishi Muthangari, katika jengo la mawe ambalo ukuta wake haupitishi hata kikohozi. Ploti ile ya mbao ilibomolewa, pakasimama ghorofa. Nikitaka habari ya ajabu, simu hunijibu kabla sijamaliza swali, kwa Kiswahili fasaha kuliko changu cha darasa la nne, wala hainiulizi nyota zimevunjika wapi. Natunga riwaya, na watu hunialika kuzungumzia lugha. Lakini simjui jina mwanamke wa mlango unaotazamana na wangu. Tunapishana kwenye ngazi, anasema "sasa", nasema "poa", na mwaka unakwisha. Habari ninazo nyingi kuliko alizokuwa nazo mtu yeyote katika ploti yetu. Mtu wa kuketi naye nikingoja wingu liondoke, huyo bado namtafuta.

Bi Zuhura aliondoka wiki ileile, kama nilivyojua. Athumani alikuwa barabarani na mabegi, basi la usiku lilikuwa likiwangoja mjini. Aliingia kwetu peke yake. Mama alimpa kilo mbili za pojo za Kitui, wakashikana mikono. Kisha akanijia mimi niliyekuwa nimejibanza kando ya kitanda, akavua miwani, akanishika kidevu na kukielekeza kwenye balbu. Alinitazama uso mzima, kipande kwa kipande. Midomo ilinitetemeka, meno yakaonekana.

"Kumbe una mwanya," alisema. "Umenisomea dunia nzima, usinambie una mwanya!"

Nilitaka kumsindikiza hadi barabarani. Akanizuia kwa kiganja begani. "Kaa, mwanangu. Nje baridi." Akatoka, akageuka mara moja kunitazama tena, akaufunga mlango.