Viatu vya Mkamwana Ndani ya Pipa la Pumba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi Tabitha Njau anatoka kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, Kidia, Old Moshi, akiwa na ndoo ya maziwa ya lita kumi na tano kichwani na nyingine ya lita tano mkononi. Ile ya kichwani haishiki. Anaruka mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, anakata kona ya kanisa na kushika barabara ya kuteremka Kiboriloni.

Mwandishi wa makala haya, asiyebeba chochote zaidi ya daftari, anaachwa nyuma hata kabla ya kilomita ya kwanza kwisha.

"Wewe leo umekula nini?" anauliza bila kugeuka. "Au huko mjini hamli?"

Tabitha ana miaka 50. Hukusanya maziwa kwa majirani wanane na kuyauza kwenye migahawa ya Kiboriloni, na siku ikiwa nzuri hubaki na Sh8,000. Kazi hii ameifanya miaka 27, kilomita tisa za kuteremka na tisa za kupanda, kwa miguu.

"Zamani barabara hii ilikuwa vumbi jekundu, kahawa huku na kahawa huku," anasema. "Kahawa ikichanua unanusa hadi unasahau ndoo. Sasa wamezing'oa. Hata mlima ulikuwa na theluji ya kutosha, siyo hii ya kutafuta kwa macho."

Leo, hata hivyo, si maziwa yanayomsumbua. Wa kwanza kusema kwamba ana jambo ni Rajabu, mwenye mgahawa wa kwanza anaofikia, huku akipima lita zake.

"Huyu mama ndiye redio yetu," anasema Rajabu. "Akifika hapa tunajua huko juu nani kazaa, nani kauza ng'ombe. Lakini wiki ya pili hii, anamimina maziwa, anaondoka. Nikamwambia mke wangu, Mama Calvin ana lake jambo."

Tabitha anavuta benchi, anakaa. Analetewa chai. Anaiangalia.

"Mkamwana wangu haongei na mimi," anasema. "Siku ya tisa leo."

Mkamwana huyo ni Elisifa, mshonaji wa miaka 23, mke wa Calvin, mtoto pekee wa Tabitha. Elisifa anakimbia tangu shule ya msingi. Ana mimba ya miezi mitano, na Jumapili hii anataka kukimbia nusu marathoni, kilomita 21, katika mbio za Februari za Moshi.

Adabu hajavunja. Asubuhi anasema shikamoo mama, anafagia, anakata majani ya ng'ombe. Baada ya hapo kimya.

"Afadhali angenitukana," anasema Tabitha. "Ile shikamoo yake inaniuma kuliko tusi."

Ili kueleza kosa lake, Tabitha anarudi nyuma miaka ishirini na mitano.

Mwaka 2001 alikuwa na miaka 25 na mimba ya miezi mitano, ya Calvin. Alikuwa anateremsha maziwa kila siku kwa mwendo wa nusu kukimbia, maana yakichelewa yanachacha. Siku moja akaona vijana wakijiandaa kwa mbio mjini, wamevaa viatu vya maana, wanahema. "Nikasema, ee, hawa ndio wanakimbia? Bila hata ndoo?"

Akajiandikisha. Mumewe, Ebenezeri, ambaye sasa ni marehemu, alicheka na kumwazima shati lake kubwa. Nesi wa zahanati alimpima, akamwambia mwili wake umeshazoea, akimbie taratibu na akiona dalili yoyote asimame. Aliyekataa ni mmoja tu: Eliona, mama mkwe wake.

"Alisimama pale mlangoni kwa jikoni, akaniambia, 'Utanimwagia mjukuu wangu barabarani.' Kisha akachukua viatu vyangu, raba za kuazima, akavificha darini juu ya kuni. Ebenezeri alivipata usiku wa kuamkia mbio. Nilikimbia kilomita ishirini na moja nikinuka moshi kama ndizi ya kuchoma!"

Anacheka peke yake, kicheko kirefu. Rajabu anaacha kupima maziwa ili asikilize.

Anakumbuka umati pale mwanzo, baridi ya asubuhi, wanawake wachache wanaohesabika. Anakumbuka bendi ya tarumbeta ya usharika mmoja ikipiga kando ya barabara, na mtoto tumboni akicheza kana kwamba amealikwa. Kwenye kile kilima kirefu cha barabara ya Mweka akaacha kukimbia, akatembea ameshika kiuno. Hapo kwenye kona, chini ya mgrevilea, akamwona Eliona.

Mama mkwe alikuwa amevaa gauni la kanisani na ameshika chupa nyekundu ya chai. Ndani mlikuwa na mtori wa ndizi, mwepesi, wa vuguvugu. Hakusalimia.

"Akanimiminia kikombe. Akasema, 'Kunywa. Si kwa ajili yako.' Basi. Nikanywa nalia, akanifuta mdomo kwa kanga yake, akanisukuma mgongoni. Kumbe alitoka nyumbani saa kumi alfajiri, kwa miguu, mguu wake mmoja mbovu."

Alimaliza kwa saa tatu kasoro dakika nne. "Nyuma yangu walikuwa wanaume watano," anasema, na anainua vidole vyote vya mkono mmoja ili jambo hilo liandikwe vizuri. Ile fulana ya mbio aliichana ikawa nepi za Calvin. Alipojifungua, Eliona alimlisha mtori na siagi miezi mitatu bila kumruhusu kushika hata ufagio.

"Nilimpenda yule mama," anasema. "Amekufa sijamwambia."

Sasa, mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo alipaswa kuwa wa kwanza kumshangilia Elisifa. Sivyo ilivyokuwa.

Baada ya Calvin, Tabitha alipata mimba nyingine. Safari hii alitii kila alichoambiwa: hakubeba maziwa, hakukimbia, alilala. Ikatoka ikiwa na miezi minne. Hakupata nyingine.

"Kwa hiyo Elisifa aliponiambia anakimbia, sikusikia mbio. Nilisikia ile siku," anasema. "Huyo ni mjukuu wangu wa kwanza. Labda ndiye huyo huyo mmoja. Nikasimama mlangoni kwa jikoni, nikasema, 'Utanimwagia mjukuu wangu barabarani.' Maneno yale yale! Na mlango ule ule!"

Hakuishia hapo. Elisifa alipokwenda kliniki, Tabitha alichukua raba zake mpya, alizozinunua kwa kushona sare za kwaya miezi miwili, akazizika ndani ya pipa la pumba za ng'ombe.

Elisifa alirudi na habari njema. Nesi Yuditha alikuwa amemkubalia kwa masharti: akimbie kwa kasi ambayo bado anaweza kuongea, vilima avitembee, anywe maji, na akisikia maumivu au akaona damu asimame hapo hapo aende hospitali. Alitafuta viatu nyumba nzima. Alipomuuliza mama mkwe, mama mkwe alisema hajui.

"Nilidanganya," anasema Tabitha. "Mimi mzee wa usharika. Akaniangalia tu, akajua."

Calvin hayupo wa kusuluhisha. Ni mpagazi, yuko mlimani na wageni hadi Jumamosi.

Rajabu anajikuna kidevu. "Lakini ninyi Wachagga si mna jani lenu lile?"

"Isale."

"Ukilipeleka, mtu hawezi kukataa kusamehe. Si ndivyo?"

"Isale anapeleka mkosaji, Rajabu. Umeona wapi mama mkwe akampelekea mkamwana?"

"Na mkosaji hapa ni nani?"

Tabitha anavuta kikombe chake. Kisha anakunywa chai yote kwa mkupuo, anakusanya ndoo zake. "Ndiyo maana biashara yako haikui," anamwambia. "Maneno mengi." Rajabu anacheka. Tabitha ameshashika njia.

Kupanda ni kugumu kuliko kuteremka, lakini mwendo wake ni ule ule. Anapofika nyumbani hapumziki. Anakwenda moja kwa moja kwenye pipa, anazamisha mkono hadi begani na kuzitoa raba. Anazikung'uta, anazipiga brashi bombani hadi soli nyeupe zinarudi rangi. Kisha anakwenda mpakani mwa kihamba, ambako masale yamepandwa tangu enzi za baba mkwe, anakata jani moja na kulifunga fundo taratibu.

Elisifa yuko barazani, kwenye cherehani. Tumbo lake limeanza kugusa meza.

Tabitha anaweka raba chini, mbele yake. Isale iko ndani ya kiatu cha kulia. Cherehani inanyamaza.

"Mama," anasema Elisifa, "hili si wewe wa kuniletea mimi."

"Nimekukosea. Niliogopa, nikakuibia, nikakudanganya. Pokea, mwanangu."

Elisifa analichukua jani kwa mikono miwili. Anafuta macho kwa kitambaa cha sare anachokishona, kisha anaguna. "Mama, viatu vinanuka pumba."

"Shukuru. Vyangu vilinuka moshi."

Wanacheka, wanashikana, na mwandishi analazimika kuangalia migomba kwa muda. Siku tisa zimekwisha. Elisifa anakuwa wa kwanza kurudi kwenye jambo lenyewe.

"Nimesamehe. Lakini nina neno moja. Usije kusimama pale kilimani na chupa kama bibi Eliona kwenye ile hadithi yako. Kimbia na mimi. Nesi kasema niongee njiani. Nitaongea na nani?"

"Mimi? Na magoti haya?"

"Magoti hayo yanapandisha ndoo kila siku, mama. Kumi na nane kwa siku. Jumapili ni ishirini na moja tu."

Tabitha anafungua mdomo kubisha. Kisha anahesabu kilomita kwa vidole, na uso wake unarudi taratibu kwenye umri wa miaka ishirini na mitano.

Jioni, simu inapopata mtandao, Calvin anapiga kutoka kambini. Mama yake anamweleza yote, hata pipa. Kicheko cha Calvin kinasikika barazani kote.

Matumaini ya Tabitha sasa ni mawili: mjukuu azaliwe salama mwezi wa sita, na Jumapili nyuma yao wasipungue wanaume sita. Miezi mitatu ya mtori na siagi ameshaipanga. Chupa nyekundu ya Eliona ameiteremsha kabatini, ameisuuza. Kifuniko kimepasuka kidogo, lakini bado inatunza moto.

"Jumapili utasimama kwenye kona ya Mweka, chini ya mgrevilea," anamwambia mwanawe. "Mtori nitapika mimi. Wewe kazi yako ni kushika chupa."

"Sawa, mama. Elisifa akifika nimwambie nini?"

Tabitha anamwangalia Elisifa, halafu tumbo.

"Mwambie anywe," anasema. "Mwambie si kwa ajili yake."