Kitasa Kilichoikataa Waifai Yangu

Mlango wangu wa pale Saltley, Birmingham, ulivunjwa na jirani yangu Mkongo kwa bega lake, na alikuwa na haki ya kuuvunja, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala chini bafuni na siwezi kuinuka. Nilikuwa natawadha. Nyumba hizi za Waingereza hazina mahali pa kuoshea miguu. Unainua mguu mmoja unauweka kwenye sinki, unasimama kama korongo, na mzee wa umri wangu ukorongo haumfai tena. Mguu uliobaki chini ukateleza. Nikabaki pale nasikiliza maji ya bomba yakienda bure, na wallahi yale maji yaliniuma kuliko nyonga, maana mimi nimekulia Isiolo, na Isiolo ukimwaga maji unachapwa.

Binti yangu alikuwa nje ya mlango. Yeye ni nesi, hospitali yake iko upande wa Edgbaston, na huko huko ndiko anakokaa na wanawe. Siku hiyo alikuwa ameniletea chakula. Ufunguo alikuwa nao, lakini mimi nilikuwa nimetia komeo kwa ndani kama nilivyozoea. Akagonga, akaita, akanisikia najibu kwa mbali, asiweze kunifikia. Ndipo alipomkimbilia yule Mkongo wa nyumba inayotazamana na yangu.

Mimi sikuvunjika kitu, ni mlango tu. Lakini binti yangu alilia kama aliyefiwa, na alipomaliza kulia akatoa hukumu.

"Baba, unahamia kwetu."

"Kwenu Edgbaston?"

"Chumba kipo. Bustani ipo."

"Hiyo bustani nitaongea nayo nini, mama?"

Edgbaston naijua. Ni kuzuri, miti mikubwa, hewa safi, lakini niliwahi kukaa kwake siku za Idi nikakaa dirishani asubuhi nzima, na aliyenitazama usoni alikuwa mbwa tu. Mwenye mbwa hakunitazama. Halafu nyumba ya Saltley si nyumba tu. Mama yake alifia mle, chumba cha mbele, akisikiliza watu wakipita barabarani na kunitajia mmoja mmoja kwa mwendo wao. Mtu anaondokaje katika nyumba kama hiyo?

Tukavutana, tukafika katikati. Nitatiwa mlango mpya usio na komeo, na mlango huo utakuwa na kitasa ambacho yeye ataweza kukifungua kwa simu yake hata akiwa kazini, ili nikianguka tena asibaki nje.

"Kikifanya kazi, unabaki," akasema. "Kikikataa, unafungasha. Tumekubaliana?"

Nikasema tumekubaliana. Ningesema nini?

Sasa kwa mambo ya vitasa mimi si mgeni. Tulipotoka Uholanzi, tulikoishi kwanza baada ya Kenya, kuja Birmingham tuliteremka stesheni ya mabasi ya Digbeth asubuhi ya mvua, mke wangu ameshika birika la chai mkononi kwa sababu hakuliamini begi, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa katika kiwanda kidogo hapo hapo Digbeth, kung'arisha vishikio vya milango vya shaba. Niling'arisha mpaka nikawa naota nang'arisha. Nikiingia benki au ofisi ya watu, naushika mlango, nasema moyoni, huyu huenda ni mtoto wangu. Kile kiwanda kimekwisha zamani. Mara ya mwisho nilipopita, vijana wenye ndevu walikuwa wanauza humo kahawa ya povu, na mlango wao ulikuwa wa plastiki. Lakini nimeanza kuzunguka. Turudi.

Kitasa alicholeta binti yangu hakikuwa na hata tone la shaba. Kilikuwa cheusi, kina vitufe vya namba usoni, na kilipotiwa betri kikatoa maneno ya Kiingereza kwa sauti ya mwanamke. Mimi nikaitikia. Nilidhani amenisalimu.

Fundi alipokwisha kukifunga akaenda zake, na binti yangu akaketi kwenye ngazi na simu yake. Simu ikiwa karibu, kitasa kinatii: fungua, kinafungua, funga, kinafunga. Lakini ili akifungue akiwa hospitali, lazima kitasa kishike waifai ya nyumba, na hapo kiligoma. Anaandika paswedi, taa inazunguka, inazunguka, halafu inakuwa nyekundu. Akaandika tena polepole, herufi kwa herufi, akizisema kwa sauti. Nyekundu. Akaenda madukani Alum Rock Road akanunua betri mpya. Nyekundu. Akabonyeza kitufe cha nyuma akakishikilia mpaka kidole kikafa ganzi. Yule mwanamke wa ndani akasema kitu, lakini taa ilikuwa nyekundu.

"Hicho kisanduku cha waifai kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Kilikuwa ndani ya kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni, kimefunikwa kitambaa.

"Baba, hiki kitu umekivalisha nguo?"

"Kinashika vumbi."

"Kinatakiwa kipumue!"

"Kitambaa hicho alikishona mama yako."

Akakitoa. Akakikunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akakiweka mapajani. Halafu akakichukua kisanduku akakiweka sakafuni karibu kabisa na mlango. Bado nyekundu.

Mimi nilikuwa jikoni naweka chai. Kila taa ile ikiwa nyekundu nilikuwa naona mti mmoja wa Edgbaston unasogea.

Akapata wazo jingine. Akaifanya simu yake itoe mtandao, akakiambia kitasa kishike huo badala ya ule wa nyumba. Taa ikazunguka mara moja ikawa kijani.

"Kitasa ni kizima," akasema. "Mgonjwa ni waifai yako."

Akazima kisanduku, akasema tukiache kipumzike kidogo. Tukanywa chai. Hata nusu kikombe hatujafika, mlango ukagongwa.

Alikuwa mama wa nyumba ya pili, Kalasinga, mzaliwa wa Kisumu, mkubwa kwangu kidogo ingawa hakubali. "Mzee! Umelala ama umekufa? Naongea na dada yangu Kisumu, anakatika katikati ya maneno! Alikuwa anafika mahali pa utamu!"

Hajamaliza, Mkongo naye huyo nyuma yake. "Papa, réseau ya internet imeenda wapi? Batoto banalia kule."

Na nyuma yake wengine wawili wa mtaani wakichungulia, wanajifanya wanapita tu.

Binti yangu akawatazama wote pale mlangoni, akanigeukia.

"Baba. Paswedi umempa nani?"

"Aliyeomba."

"Nani aliomba?"

"Watu wanaomba, mama. Mtu akiomba nimwambie nini?"

Akajifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia tena, kumbe anacheka. Akanieleza kwamba kile kisanduku kina kiasi chake cha vitu kinavyoweza kubeba, na mtaa mzima ulikuwa umo ndani, simu na televisheni na michezo ya watoto. Nikaelewa. Ilikuwa kama msikiti siku ya Idi. Aliyechelewa anaswali barabarani, na kitasa changu ndicho kilichochelewa.

Wale majirani walipoondoka akasema, "Basi ni rahisi. Tunabadilisha paswedi sasa hivi, kila mtu anatoka."

"Hapana."

"Baba!"

Nikamwambia habari za Isiolo, habari ambazo alikuwa amezisikia mara nyingi. Asubuhi mama yangu ananipa kigae cha chungu kilichovunjika, ananiambia nitazame moshi unatoka nyumba gani. Ninakwenda huko kwenye moshi, natiwa makaa mawili matatu juu ya kigae, narudi mbio napuliza. Hakuna aliyekuuliza mlimaliza vipi makaa yenu. Na kesho moshi ukitoka kwetu, wanakuja wao. Harufu ile ya moshi wa mgunga na maziwa naisikia mpaka leo nikifumba macho. Nyumba moja ilikuwa inanyima moto, na mama yangu mpaka anakufa hakuitaja.

"Waifai si makaa," akasema. "Imejaa."

"Najua imejaa."

"Basi fungasha."

Alilisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Nikaangalia kile chumba cha mbele. Nikamwomba aningojee mpaka Alasiri, nikavaa koti nikatoka.

Kumdai mtu kitu ulichompa kwa moyo wako ni aibu, nakwambia. Nilipita nyumba ya yule mama wa Kisumu nikafika mpaka kona, nikarudi. Nikamweleza yote, mpaka habari ya kufungasha. Akaniangalia kama niliyepungukiwa akili.

"Na siku yote hiyo hukusema? Mimi nataka dada yangu tu. Ile televisheni ya wajukuu, ile inapiga muziki, ile sijui inafanya nini, toa yote. Wewe ukienda Edgbaston chapati zangu atasema ngumu nani?"

Kwa Mkongo hata sikumaliza maelezo. "Papa, ni mie nilivunja mulango yako. Ntashindwa kuzima televizyo?" Akasimama chini ya ngazi akafoka kwa Kifaransa, na nyumba nzima ikanyamaza. Kumbe watoto walikuwa wameingiza mpaka mwanasesere anayeongea. Wale wengine wawili nao nikawapitia. Mmoja alinuna, sitasema uongo, lakini alitoa.

Nikarudi. Binti yangu akawasha kisanduku, akaandika ile paswedi yangu ile ile ya zamani. Taa ikazunguka. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Ikazunguka, ikawa kijani.

Hakuamini. Akatoka na simu yake mpaka kituo cha basi, na mimi nikiwa nimesimama ndani peke yangu mlango ukajifungua, na nje hapana mtu. Nilipiga bismillahi, nikacheka.

Akanipa namba za kubonyeza nikiwa nje. Sasa namba na mimi hatukai pamoja. Shule niliishia darasa la tatu, na hesabu ilikuwa inaangukia siku zangu za kuchunga mbuzi. Kwa hiyo nikampa yule mama wa Kisumu anikumbushe. Nikampa na Mkongo, asiumize bega.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila mlango ukifunguka, simu ya binti yangu inalia huko hospitali.

"Baba, hapo kwako ni stesheni?"

"Ni nyumba, mama."

"Na namba nazo umezigawa!"

Alitishia kuzifuta. Hakuzifuta. Baada ya muda akazoea kuusoma mlango wangu kutoka mbali. Akisikia asubuhi, anajua chapati zimefika. Akisikia jioni, anajua Mkongo ametoka kazini na tumekaa tunabishana mpira. Akaacha kunipigia kuniuliza kama nimekula. Miaka ile ilikuwa mizuri. Yule mama sasa yuko Leicester kwa mwanawe, anaongea nami kwa simu, na Mkongo alipata nyumba kubwa zaidi upande mwingine wa mji. Wakati ule sikujua kama ni miaka ya kukumbukwa. Niliona ni kelele za mlango tu.

Kabla hawajahama ikaja ile theluji iliyosimamisha mabasi. Simu ikalia.

"Baba, mbona leo kitasa kimenyamaza?"

"Watu wamefungiwa na theluji."

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Nakaanga mayai."

Akakata simu. Baadaye nikasikia vitufe vinabonyezwa, akaingia, viatu vya kazini vimelowa mpaka ndani. Sehemu kubwa ya njia alikuwa ameitembea. Akavua soksi akazitandaza juu ya hita, akakaa kwenye kile kiti cha chumba cha mbele na miguu chini yake, kama alivyokuwa anakaa utotoni. Nikampa chai na mayai. Akala, akasinzia kidogo, akaamka.

"Kile chumba chako cha kwetu," akasema, bila kunitazama, "nimetia meza ya kupigia pasi. Na baiskeli za watoto."

"Zinaenea?"

"Zinaenea."

Nikamwongezea chai.