Tangi Chini ya Kitanda

Mkewe ndiye aliyempachika jina la Badokidogo, na jina likamkaa kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa fundi bomba, na kwa bomba za watu hakuwa na masihara: alifika saa aliyoahidi, akafanya kazi, akaondoka bila kuacha tone linalodondoka. Ya kwake ndiyo hayakuisha. Mlango wa bafu la nyumbani ulikaa miaka bila komeo kwa sababu komeo alilolitaka lilikuwa halijaletwa madukani, na mama mtoto akazoea kuoga huku akiimba, ili anayekuja ajue kuna mtu.

Lakini bado kidogo iliyozidi zote ilikuwa uani, chini ya turubai. Gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko, sinki na dirisha la pazia, alilolipata kwa mteja aliyehama. Wangesafiri nalo, alisema, mume na mke, mpaka barabara iwachoke. Aling'oa sakafu iliyooza akatandika mpya. Akamlaza mkewe juu ya mbao na kumchora kwa chaki, kisha akalala mwenyewe kando yake akachorwa, na kwa michoro ile akapima kitanda.

"Wewe huku karibu na jiko," alisema, "mimi dirishani, niwe naangalia usalama."

Mkewe alicheka. "Usalama wa nini, na gari halina hata magurudumu?"

Magurudumu yalikuja. Yakaja na matangi mawili ya maji safi, moja chini ya benchi la jikoni, moja chini ya kitanda. Pampu ndiyo haikuja, kwa maana kila aliyoiona aliitia kasoro. Na maji asithubutu mtu kuyatia kabla ya pampu; yatatuama, tangi litaota utelezi, kazi yote ianze upya. Kisha kukawa na breki. Kisha raba za madirisha.

"Tutakwenda mwaka huu?" mkewe angeuliza, akikunja nguo.

"Bado kidogo, mama."

Mkewe akaugua, akafa, gari halijavuka geti.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa fundi cherehani. Chumba alichokuwa akishonea kilipobomolewa, alimfuata baba yake uani akasimama mbele ya turubai.

"Baba, nipe hili gari. Nitashonea humu."

Mzee alikubali haraka kuliko mwenyewe alivyotarajia, ila kitanda kisiguswe. Hakuwahi kukilalia hata siku moja. Alikitunza kwa ajili ya safari yao, na safari ilipokufa akakitunza hivyohivyo, kama sahani mbili zilizopangwa mezani na mgeni hakuja.

"Kitanda nitakifanya meza ya kukatia," binti alisema. "Lakini majora yangu ya vitambaa yatakaa wapi? Chini yake kuna tangi. Likitoka bila kuvunja kitanda, kitanda chako kitabaki. Lisipotoka, nakata mbao. Vyerehani vinaletwa Jumamosi."

Basi wakaingia kazini, baba na mwana. Tangi la jikoni halikuwasumbua sana. Mipira yake ilikuwa imekauka, ikivunjika kama biskuti, na mkanda wa chuma ulioshika kutu ulidai spana na matusi machache ya heshima. Likatoka kama jino bovu.

La kitandani lilikuwa jambo lingine. Binti alivua futi ya kushonea shingoni, akapima tangi, akapima kile kimlango kidogo ubavuni mwa kitanda.

"Baba, tangi ni kubwa kuliko mlango."

"Naona."

"Sasa liliingiaje?"

Mzee akajikuna shingo. Liliingia kwanza. Aliliweka tangi sakafuni, halafu akajenga kitanda juu yake, kwa gundi na skrubu za ndani kwa ndani, akapaka rangi, akafurahi kwamba hata kichwa kimoja cha skrubu hakionekani. Yeye, aliyewafokea wajenzi maisha yake yote kwa kuzika bomba ukutani, alikuwa amelizika tangi lake mwenyewe.

"Mteja akikufanyia hivi unamwambiaje?"

"Namwambia hana akili."

"Sijasema mimi." Binti alicheka, na kwa muda kidogo gari zima likawa jepesi.

"Nitalikata humohumo," mzee alisema. "Vipande vitapita."

Akalala kifudifudi, akapenyeza mkono mpaka begani. Kwanza akaitafuta koki ya chini, aone kama kuna umande uliojikusanya. Alijiandaa kwa vita. Koki iliachia kwa vidole viwili.

"Umeona? Hiyo ndiyo grisi yangu. Miaka yote hii haijaguswa, inateleza kama jana."

 Binti alikuwa akilitazama pazia.

Mzee alichukua ubapa wa msumeno wa kukatia chuma, akaufunga kitambara upande mmoja, akaanza kukata kwa kupapasa. Jasho lilimwingia machoni. Plastiki ya zamani ni ngumu, inauma meno ya msumeno. Mwishowe kipande cha kwanza kikakubali. Akakivuta nje, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Upande wa ndani ulikuwa na mistari. Myeupe, myembamba, mmoja chini ya mwingine kama ngazi. Mwingine asingeona kitu. Yeye alikuwa ameona mistari ile ndani ya matangi ya mji mzima: maji yalijaa hapa, yakapungua mpaka hapa, yakajazwa tena. Kwa muda mrefu. Na mtu.

"Nani alitia maji humu?"

Binti alikaa kwenye benchi la jikoni, mikono mapajani.

"Mama."

"Lini?"

"Siku nyingi. Ukienda kazini tulikuwa tunajaza kwa ndoo, tunakinga kwenye koki kwa kikombe. Tunachemsha chai. Mama anavuta pazia, anasema, haya, tumefika."

"Mmefika wapi?"

"Popote. Siku nyingine milimani. Siku nyingine anasema hapajui, ila pazuri."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungesema bado, baba. Ungetoa maji."

Mzee alikigeuza kipande mkononi. Angeyatoa. Angekuja na ndoo na tambara siku hiyohiyo, akakausha tangi mpaka ndani, na angewaeleza kwa upole kwa nini.

Akarudi kulala kifudifudi. Alikata, na kila kipande kilipotoka alikilaza uso chini, asikisome. Jua lilipohama dirishani tangi lilikuwa limekwisha, rundo la plastiki mlangoni, na kitanda kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Binti alimulika tochi kule chini, akapitisha mkono.

"Majora yataenea," alisema. "Ahsante, baba. Kitanda chako kimepona."

"Chako."

"Pumzika basi, kabla sijaweka vitambaa. Umechoka."

Alikuwa amechoka. Akapangusa suruali kwa mikono miwili, akaketi kwenye kitanda alichokijenga, upande wake wa dirishani, taratibu, kama anayekalia kiti cha watu. Kumbe palikuwa na bonde dogo pale, ubao umelegea kwa kulaliwa. Akalipapasa.

Binti aliuona mkono wake.

"Hapo ni pa mama."

Mzee akainuka. Akazunguka, akaketi upande wa jikoni, magoti yakigusa sinki. Kutoka pale, kwa pembeni, hakuliona dirisha. Aliona pazia tu.