Lydia na Mtambo wa Mkonze

Shirika la umma alilofanyia kazi Mzee Nikodemo lilipobinafsishwa, yeye na wenzake wengi walipunguzwa kazini. Akarudi kijijini kwao Mkonze, karibu na mji wa Dodoma, kuchunga ng'ombe wachache aliokuwa amewaachia ndugu zake. Binti yake Lydia alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakuwa na pa kwenda. Mjini Dodoma maduka yalikuwa yamejaa bidhaa za kila aina, lakini nyumbani kwao hata kuni zilikuwa taabu. Miti ya vilima vya jirani ilikuwa imeishia kwenye mkaa wa mjini, na mama yake, Anna, alitoka asubuhi kutafuta kuni akarudi jua liko utosini.

Mwaka huo kanisa lilileta mafunzo kwa vijana ya kujenga mitambo ya gesi ya samadi. Lydia alijiunga, msichana peke yake katika kundi lile. Walifundishwa kuchimba shimo, kujenga kuba la matofali humo ardhini, kisha kulijaza samadi iliyokorogwa na maji. Samadi ikichacha hutoa gesi, nayo hupita kwenye bomba mpaka jikoni.

Alipomaliza aliomba kujenga mtambo wake wa kwanza pale nyumbani, kwa saruji iliyotolewa na mradi. Mama alikataa. Alisema hawezi kupika ugali kwa mavi ya ng'ombe, nani atakula kwake tena? Lakini baba akamwonyesha Lydia mahali pa kuchimba, kando ya zizi.

Lydia alijenga akisaidiwa na Abeli, kijana waliyesoma naye mafunzoni. Walilisha mtambo, wakasubiri wiki kadhaa. Siku ya kuwasha jiko majirani walikuja kutazama. Lydia alifungua koki, akawasha kiberiti. Jiko halikuwaka. Akajaribu tena na tena, mpaka watu wakaanza kuondoka wakicheka chinichini.

Walipofukua udongo na kupaka povu la sabuni juu ya kuba kutafuta gesi inapovuja, mapovu yakafura kwenye mstari mrefu. Plasta ya ndani ilikuwa na ufa. Maji yalikuwa ya shida, nao hawakuimwagilia ya kutosha, hivyo joto la Dodoma lilikuwa limeikausha kabla haijakomaa.

Abeli hakutaka kurudia. Alisema anakwenda Dar es Salaam kuuza mitumba, akamshauri Lydia naye aachane na kazi ile.

"Wewe nenda," Lydia alimwambia. "Mimi nikiuacha hivi, hapa Mkonze hakuna atakayejenga mwingine."

Abeli akaondoka. Lydia alianza kuchota tope la samadi mtamboni kwa ndoo, peke yake, akinuka mpaka watoto wakamkimbia. Shimo lilipokuwa tupu aliliacha wazi lipigwe na upepo, maana gesi iliyobaki ndani ingeweza kumwua. Siku ya kuingia alijifunga kamba kiunoni, akatafuta mtu wa kuishika upande wa juu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni akimtazama tangu asubuhi. Alikuja, akaichukua ile kamba, akaizungusha mkononi.

"Ukiona kizunguzungu uivute," alisema. "Nitakutoa."

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja. Lydia alibandua plasta yote, akapiga mpya. Anna, aliyekuwa akibeba kuni, sasa alibeba maji kutoka kisimani, akilowesha magunia waliyofunika juu ya kuba asubuhi na jioni. Wakaujaza mtambo samadi tena, wakasubiri, na safari hii hawakumwita mtu kuja kutazama. Jiko lilipowashwa moto wa buluu ulitoka bila moshi, na Anna akabandika sufuria ya maji. Ugali ulipoiva, yeye ndiye aliyemega tonge la kwanza.

Miaka iliyofuata Lydia alijenga mitambo Mkonze na Hombolo, akafundisha vijana wengine, miongoni mwao wasichana. Si yote iliyodumu. Mwaka wa ukame wafugaji walihamisha mifugo mbali kutafuta malisho, na mitambo kadhaa ikakauka kwa kukosa samadi. Baada ya hapo alikuwa mkali, hakujenga pasipo na ng'ombe. Mama mmoja wa Ihumwa, Priska, alipomwomba amjengee huku ng'ombe wake wakiwa bado kwenye malisho ya mbali, Lydia alikataa.

"Wakirudi nitakuja," alimwambia. "Kwa sasa tukande udongo, tukutengenezee jiko linalokula kuni kidogo."

Akavua viatu, akaanza kukanyaga udongo.