Pama ya Mkwe

Lukia hakuwahi kuweka mkono kwenye mgongo wa mtu aliyemzidi umri kabla ya kumwamkia. Mteja amelala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, nguo zake zinaning'inia msumarini, na Lukia amesimama anasubiri. "Shikamoo." Marahaba ilitokea chini ya kitanda, kama mtu anayejibu akiwa kisimani. Isipotoka, hakandi. Niliwahi kumwambia kwamba mtu aliye uchi hana haja na adabu. Akanijibu kwamba hapo ndipo anapoihitaji zaidi.

Alisomea masaji Moshi kwa miezi sita, akakodi chumba cha nyuma cha nyumba moja ya wageni pale Same mjini. Nilikwenda kila Alhamisi kwa ajili ya shingo, ambayo miaka ishirini ya kusahihisha madaftari imeipinda. Shingo ilikuwa nusu kisingizio. Nilipenda kuguswa na mtu asiyetaka chochote kwangu, na nilipenda habari za migongo. Kulikuwa na mfugaji wa Kisiwani aliyekoroma mpaka mteja aliyefuata akakata tamaa, akaenda zake. Kulikuwa na mama wa kwaya aliyejamba katikati ya masaji, akaanza kuimba ili afunike, na Lukia, kwa heshima, akamwitikia kwa sauti ya pili.

Kanuni yake nyingine ilikuwa kutotazamana na mteja uso kwa uso. Alitoa maelekezo akiwa nyuma ya pazia, anapasha mafuta: vua, lala, jifunike taulo, niite. Akimaliza, alitoka kwa mlango wa uani, mtu avae kwa nafasi yake.

Ijumaa moja dada wa mapokezi alimpelekea mzee ambaye mgongo ulikuwa umegoma baada ya kuteremka kwa pikipiki kutoka Vudee. Lukia akatoa maelekezo, akaitwa, akaingia. Mzee alikuwa amelala kama alivyozaliwa, ukiacha soksi. Taulo, kwa kuwa lilikuwa jeupe mno, alikuwa amelikunja vizuri na kuliweka kitini asilichafue. Juu ya makalio alikuwa ameweka kofia yake ya pama.

Lukia akaamkia, akaitikiwa. Akaiondoa pama kwa vidole viwili, akamfunika kwa taulo, akaanza kazi. Mzee alipolainika akaanza kuisimulia sakafu habari zake. Anaitwa Elibariki. Kesho anakwenda kumposea kijana wake Anthony. Mama wa binti hajawahi kumwona, waliotangulia ni washenga, lakini anasikia ni mtu wa heshima sana.

Huyo mama wa binti wakati huo alikuwa kiunoni kwake, na mafuta mpaka viwikoni.

Binti ni Raheli, mtoto pekee wa Lukia, na kwa Anthony alikuwa haoni wala hasikii. Katika ukoo wa mzee Elibariki, mkwe humpi hata mkono. Ukimwona njiani unampisha. Ikijulikana kwamba mkwe amemkanda makalio, posa imekufa. Lukia alimaliza kazi bila neno. Mzee alipouliza mbona kanyamaza, alikohoa.

Jioni alikuja kwangu, akanieleza yote. Nikamshauri ajifanye sauti imepotea. Uso mzee hakuuona. Sauti ndiyo shahidi pekee. Akakubali. Kesho yake akajifunga kitambaa shingoni, dada yake akatangaza kwamba mwenye nyumba ana mafua makali, na mimi nikakaa jikoni na masufuria, nachungulia.

Wageni wakaingia, mzee Elibariki mbele, pama kichwani. Nikamwona Lukia anauma midomo. Mzee akasimama mbele yake. Kilichotakiwa ni kuinama tu.

"Shikamoo," akasema Lukia, kwa sauti ile ile ya kitandani, akasubiri.

Mzee aliivua pama taratibu, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, kana kwamba suruali haitoshi.

"Marahaba, mkwe," akaiambia sakafu.

Sisi tulikuwa tumesahau kwamba hata yeye ana la kuficha. Kikao tulichodhani kitachukua siku nzima kiliisha kabla wali haujaiva. Kila neno la upande wetu mzee alilikubali, pama mapajani, wenzake wakimshangaa. Alipoombwa neno la kufungia kikao, alisema moja tu: "Nyumba hii inajua kumsitiri mtu."

Raheli akaolewa Vudee. Mwaka juzi alipojifungua, Lukia alifunga chumba akapanda kwenda kumtunza mzazi. Hakurudi; moyo ulimsimama huko huko, wiki ya tatu. Kile chumba sasa kinauza kava za simu, na shingo yangu imerudi ilivyokuwa.

Siku ya safari nilimsindikiza stendi. Nikamuuliza atakaaje nyumba moja na yule mzee. Alisubiri mpaka gari limewashwa, akafungua dirisha.

"Nitamwamkia kama kawaida, mwalimu," akasema. "Ila kwanza nitaangalia pama iko wapi."