Ziwa la Shangazi Somoe

Harufu ya karanga mbichi zikiwa bado na udongo ikinipata, hata nikiwa sokoni Nachingwea mjini, narudi moja kwa moja kwenye dungu la Bibi kule Ruponda. Dungu lile lilikuwa jukwaa la miti shambani, na kazi yangu alfajiri ilikuwa kupiga debe ili nguruwe pori wasitumalizie karanga. Bibi hakulitaja jina lao. "Wale wa pua ndefu," alisema, kisha anatema mate.

Msimu ule chakula kilikuwa haba na nyumbani hapakuwa na raha. Mama alijifungua mdogo wangu Saidi, akaugua, akalazwa hospitali, maziwa yakamkauka. Saidi alipewa maziwa ya mbuzi, akayatapika. Alilia mpaka sauti ikawa nyembamba, jamani, utadhani ya paka. Na nyumba ya pili tu, shangazi Somoe, dada yake baba, alikuwa ananyonyesha binti yake Zuhura! Lakini Bibi alishapanga: Saidi akikua atamwoa Zuhura, damu ibaki nyumbani. Na kwa dini yetu, walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. "Tusubiri mama yake apone," alisema, na mtoto anazidi kukonda.

Asubuhi moja nikaona nguruwe jike amelala ubavu chini ya mkorosho. Debe nilikuwa nalo mkononi, sikulipiga. Watoto wake wenye mistari mgongoni walimkanda tumbo kwa pua, kila mmoja akigombea chuchu yake. Jike akaguna taratibu, kisha harakaharaka, na wote wakatulia wakimeza. Mara akapita jike mwingine na wanawe. Mmoja wao akachomoka mbio, akajipenyeza katikati, akanyonya. Nilidhani atang'atwa. Jike hakugeuza hata kichwa.

Nikamkimbilia Bibi. "Bibi, hata nguruwe hawamnyimi mtoto wa mwenzao!"

"Astaghfirullah! Unatufananisha na nani?" Akanifinya sikio, akaniamuru nikasukutue mdomo. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nasukutua huku nalia, nikamsikia anaita, "Somoe! Njoo umchukue huyu mtoto anyonye. Mke atajitafutia mwenyewe."

Saidi alinyonya mpaka jasho likamtoka. Mama aliporudi alimkuta na mashavu, akakaa chini akalia kwa furaha.

Miaka yote nilijisifu kwamba nguruwe wangu ndio waliomwokoa. Mpaka nami nikanyonyesha, nikaijua njaa ile isiyosikia chakula, na wangu alikuwa mmoja tu. Nikamuuliza shangazi aliwezaje wawili mwaka wa shida namna ile. Akacheka kidogo. "Mama yangu, bibi yako, alikuwa ananiletea sahani yake kila jioni. Anasema ameshakula."

Ninawashukuru wote wawili, shangazi na Bibi, Mungu amrehemu. Nililala naye kitanda kimoja msimu mzima, nikidhani tumbo linalonguruma ni langu.